Anayekunywa Maji ya Jaruba la Juu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Raheli alishuka bondeni na fimbo yake.

Fimbo hiyo ilikuwa na alama tatu za kisu. Raheli aliisimamisha ndani ya jaruba la juu, shamba la mpunga lililozungushiwa tuta, akatazama maji yamefika wapi. Yakifika alama ya tatu, yanatosha. Yakifika alama ya pili, yamepungua. Yakishuka mpaka alama ya kwanza, mpunga una kiu.

Familia yao ilikuwa na majaruba matatu chini ya mlima wa Sekenke. Maji ya chemchemi yaliingia kwanza jaruba la juu, kisha yakashuka kwenye mengine mawili. Wakulima wa bonde waligawana maji kwa zamu. Zamu ya familia ya Raheli ilikuwa mchana. Jioni mfereji wao ulifungwa. Maji yaliyokuwa ndani yalitakiwa kubaki mpaka kesho.

Hayakubaki.

Jana jioni maji yalikuwa alama ya tatu. Leo asubuhi yalikuwa chini ya alama ya kwanza. Raheli alizunguka tuta lote. Lilikuwa zima. Hakuna aliyelikata kwa jembe. Hapakuwa na nyayo za mtu wala za ng'ombe.

Ilikuwa siku ya tisa sasa. Na mpunga ulikuwa umeanza kubeba mimba. Mpunga ukikosa maji wakati huo, masuke hutoka matupu.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Raheli hakuona hata nyumba yake kule juu. Mtoto wake, Witness, alikuwa amelala mgongoni. Raheli aliinama kung'oa fimbo, na hapo akakiona kitu kwenye matope, karibu na tuta.

Kilikuwa kichwa cha kambale. Kichwa kikavu, cha kuokwa kwa moshi, chenye ndevu ndefu. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Nani ametupa kichwa cha samaki hapa?" Raheli alijiuliza.

Kichwa kikasogea.

Raheli alibaki ameinama. Upepo haukuwepo. Maji hayakutembea. Kichwa kilisogea tena, polepole, kikipanda kuelekea kwenye tuta. Kilisimama kidogo, kama kinapumzika. Kisha kikazama ndani ya majani, chini ya tuta, na hakikuonekana tena.

Raheli aliacha fimbo yake palepale. Alikimbia mpaka nyumbani.

*

Mama mkwe wake, Bibi Emiliana, alikuwa akipepeta mtama uani. Raheli alimsimulia huku akihema.

Bibi Emiliana aliweka ungo chini. Hakushangaa. Uso wake ulilegea, kama wa mtu aliyeletewa salamu.

"Amekipokea," alisema.

"Nani, mama?"

"Baba yenu. Isaka."

Raheli alikaa chini. Alikuwa mzaliwa wa Kinampanda, na hakuwahi kumwona baba mkwe wake. Lakini habari zake alizijua. Isaka alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Siku moja udongo uliporomoka, ukamfunika ndani ya shimo. Kwa siku mbili watu waliokuwa juu waliisikia sauti yake. Hakuomba kitu kingine. Aliomba maji tu. Walimwaga maji kwenye ufa, wakatumaini yanamfikia. Siku ya tatu hakuita tena. Hawakuweza kumtoa. Naftali, mume wa Raheli, alikuwa na miaka kumi siku hiyo.

"Tuta hilo alilijenga yeye mwenyewe," alisema Bibi Emiliana. "Mwaka wake wa mwisho. Sasa amerudi kunywa. Wewe hujawahi kumsikia? Jioni, mfereji ukishafungwa, nenda ukakae karibu na tuta. Utasikia mtu anameza."

"Na samaki, mama?"

Bibi Emiliana alitazama mlangoni, kama anahofia kusikika. "Mchungaji wa kanisa asijue. Kila jioni nampelekea kichwa kimoja. Alikipenda sana kichwa cha kambale. Asubuhi nikienda, hakipo. Hata mfupa haubaki. Nilidhani akishiba atatuachia maji."

"Ametuachia?"

Bibi aliokota ungo wake.

Jioni ile Raheli alikwenda kusikiliza. Alisimama mbali kidogo. Bonde lilikuwa kimya. Kisha, kutoka ndani kabisa ya tuta, sauti ikaja.

*Gubu. Gubu. Gubu.*

Ikanyamaza, kama mtu anayevuta pumzi. Ikaendelea.

*Gubu. Gubu.*

Ilikuwa kweli. Mtu alikuwa anakunywa maji.

*

Siku iliyofuata, Alhamisi, rafiki wa Naftali anayeitwa Deo alifika na pikipiki. Deo alikuwa kiongozi wa kikundi cha wachimbaji wadogo.

"Naftali! Bado unalinda matope?" alicheka. "Mpunga wako unanyweshwa au unanyang'anywa?"

"Cheka tu," Naftali alisema.

"Mimi sicheki, nakuhurumia. Jumatatu tunashuka kwenye shimo la zamani. Tunahitaji mtu mmoja mwenye mikono. Uje au nimchukue mwingine?"

Raheli alikuwa akisonga ugali. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

Naftali alitazama bondeni. "Maji yakiendelea hivi, mpunga hautafika Jumatatu," alisema. "Ukikauka, nitakuja. Watoto hawali tuta."

"Una mtoto mmoja," alisema Deo.

"Huyo mmoja naye hali tuta."

Deo alipoondoka, Raheli alimsogelea mumewe. "Baba Witness. Shimo lile lile?"

"Jirani yake."

"Mama anajua?"

"Usimwambie." Naftali alinawa mikono, ingawa ilikuwa safi. "Raheli, mimi sitaki. Unajua sitaki. Lakini tutakula nini mwaka huu?"

Raheli alirudi jikoni. Ugali ulikuwa umeungua upande mmoja.

*

Mchana wa siku hiyohiyo kengele ya baiskeli ililia njiani. Alikuwa Kudra, muuza samaki. Kudra alitoka kando ya Ziwa Kitangiri. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti kubwa na mtandio uliofungwa kiunoni. Alivua kambale mwenyewe, kwa mitego aliyoisuka mwenyewe, na kuwauza vijijini.

"Hodi wenyewe! Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuletea vichwa vyako. Leo saba." Kudra alifungua kikapu, kisha akatulia. Alitazama jikoni, akatazama jalala. "Bibi, niulize jambo, usinikasirikie. Wiki nzima nakuletea vichwa, na wewe unanipa mtama wako. Lakini hapa hapanuki samaki. Jalalani hakuna mfupa hata mmoja. Paka wenu amekonda kama ufito. Vichwa vyangu vinaliwa na nani?"

Bibi Emiliana alianza kuvihesabu vichwa. Raheli alimkumbuka Naftali akinawa mikono safi. Haya zake zote zilimtoka.

"Dada Kudra," alisema, "kuna kitu kinakunywa maji yetu."

Akamweleza yote. Alieleza sauti, alieleza kichwa kilichotembea. Bibi Emiliana alijifunika uso kwa kanga.

Kudra hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Karibu na tuta, kuna vijirundo vya matope mabichi? Vidogo, kama mtu amefinyanga kwa vidole?"

"Vipo," Raheli alisema. "Na mikwaruzo. Kama ya kucha."

"Bibi," Kudra alisema taratibu, "mimi marehemu simjui. Siwezi kumsemea. Lakini kaa namjua. Miaka yote ananiibia chambo. Naomba jioni hii twende wote. Leta na kichwa kimoja, kama kawaida yako."

*

Walikwenda jua likizama. Naftali, baada ya Raheli kumweleza, alikuja pia. Bibi Emiliana aliweka kichwa cha kambale kwenye matope, mahali pake pa siku zote. Midomo yake ilisema maneno ya Kinyiramba, lakini sauti haikutoka.

Walikaa hatua sita kutoka hapo. Mfereji ulifungwa. Bonde likatulia.

*Gubu. Gubu. Gubu.*

Naftali alishika mkono wa mama yake.

"Msiseme," Kudra alinong'ona. "Tazameni majani."

Majani ya chini ya tuta yalitikisika. Kitu chembamba kilitokea, kikasimama. Kilikuwa kijiti chenye tone jeusi juu yake. Kijiti cha pili kikasimama pembeni yake. Yalikuwa macho. Nyuma ya macho likaja gamba la rangi ya matope, pana kama kiganja. Miguu haikutoa sauti hata kidogo.

Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Walitoka tuta zima, upande huu na upande ule, kana kwamba udongo wenyewe ulikuwa unaamka. Raheli alihesabu mpaka kumi na tano, akaacha. Wote walikwenda kwenye kichwa. Walikifunika. Kisha mmoja mkubwa alikishika kwa gando, akaanza kurudi nyuma, akikiburuta. Mwili wake ulijificha nyuma ya kichwa. Katika giza lile jepesi, ungeapa kwamba kichwa kinatembea chenyewe.

"Hicho hapo," Raheli alisema. Nywele zilimsimama, ingawa sasa alijua.

"Kaa wa maji baridi," alisema Kudra. "Mchana anakaa shimoni. Giza likiingia anatoka kula. Anachimba tuta kutoka upande wa maji. Mwenzake anachimba kutoka upande wa korongo. Mashimo yakikutana ndani, maji yanapata njia. Yakipita, yanavuta hewa. Ndiyo *gubu gubu* hiyo. Mimina maji kwenye chupa yenye shingo nyembamba, utaisikia."

Naftali alishuka upande wa korongo, kwenye matete marefu ambako hakuna aliyekwenda. Walimsikia akikanyaga maji.

"Kumelowa!" alipaza sauti. "Huku chini kumelowa kote!"

Bibi Emiliana alikuwa bado anatazama mahali kichwa kilipozamia. "Kwa hiyo nilikuwa nawalisha," alisema.

"Uliwalisha vizuri, bibi," Kudra alijibu kwa upole. "Wa bonde zima wamehamia kwako. Hata mimi ningehamia."

Bibi alitaka kulia. Badala yake akacheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe.

*

Asubuhi ya Ijumaa Naftali alitoka stoo na chupa. Ilikuwa dawa ya kuua wadudu wa pamba, iliyobaki mwaka jana.

"Namwaga kwenye kila shimo," alisema. "Saa moja tu, wamekwisha."

Kudra, aliyekuwa amelala hapo kwao, aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Shemeji, maji yakitoka hapa yanakwenda wapi?"

"Korongoni."

"Kutoka korongoni?"

"Kwenye kisima cha chini."

"Nani anachota huko?"

Naftali alimtazama Witness, aliyekuwa akinywa uji. Aliirudisha chupa stoo, juu kabisa, mtoto asikofika.

"Sumu haichagui," Kudra alisema. "Itaua kaa, itaua samaki, itaua na bata wa jirani. Halafu utakula mpunga uliokunywa sumu hiyo. Kaa anategwa. Njooni niwaonyeshe."

Kudra alishusha migono miwili kutoka kwenye baiskeli. Mgono ni mtego uliosukwa kama kikapu kirefu. Wa Kudra ulisukwa kwa matete na kamba za mkonge.

"Raheli, weka mkono mdomoni mwa mgono. Usiogope, hauna meno."

Raheli aliingiza mkono. Mdomo ulikuwa mpana kwa nje, ukasonga kuwa mwembamba kwa ndani. Ncha za matete zilielekea ndani. Mkono uliingia kwa urahisi. Alipojaribu kuutoa, ncha zilimchoma.

"Eh! Umenikamata!"

"Umeelewa sasa," Kudra alicheka. "Kuingia ni harusi, kutoka ni kesi. Tundu la ndani liwe kama ngumi. Likiwa kubwa mno, kaa anatoka. Likiwa dogo mno, mkubwa haingii, na mkubwa ndiye fundi wa kuchimba. Huku nyuma kuna mlango. Funga kwa kamba. Ndio wa kutolea."

"Na chambo?" aliuliza Naftali.

"Kichwa cha samaki, au utumbo wa kuku. Kitu chenye harufu. Lakini usikitupe tu ndani. Kifunge kwenye kipande cha wavu, ukining'inize katikati. Kikigusa ukuta, kaa atakivuta akiwa nje na atakula bure. Huyu ana akili ya mgeni asiyeingia ndani lakini chakula anakula."

Kudra akaweka jiwe zito kidogo ndani ya kila mgono, ili usielee. Kisha wakashuka kwenye jaruba. Hawakutega popote. Walitafuta kwanza mashimo yenye matope mabichi mdomoni, kwa sababu shimo lenye matope makavu lilikuwa limehamwa. Kudra alilaza mgono kwenye maji ya kina kidogo, mdomo ukielekea shimoni, nusu yake ndani ya maji na nusu nje. Naftali alipigilia kigingi na kufunga kamba.

"Kwa nini kamba?" Raheli aliuliza.

"Kaa kumi wakivuta pamoja, kesho utautafuta mgono kule kijiji cha Ulemo. Tega jioni. Tegua alfajiri, usichelewe. Wakikaa sana wanapigana, wanakatana miguu, na matete watayakata pia. Na sikilizeni hili vizuri." Sauti yake ilishuka. "Usiingize kamwe mkono kwenye shimo la kaa. Shimo halina jina la mwenyewe mlangoni. Nyoka naye anapanga humo. Na kabla ya kufungua mgono, tazama kwanza ndani. Uone nani amelala."

*

Jumamosi alfajiri ukungu ulikuwa umerudi. Raheli alishuka na Kudra, Witness akiwa mgongoni. Naftali alikuwa juu, akikata kichuguu ili kupata udongo mgumu.

Kamba ya mgono wa kwanza ilikuwa imekazwa kabisa. Ndani ya ukungu ilisikika sauti ya kukwaruza, *kwaru, kwaru*, kama watu wengi wanaandika kwenye ubao mmoja.

Raheli alivuta. Mgono ulikuwa mzito. Alitazama kwanza ndani, kama alivyofundishwa. Macho mengi meusi yalimtazama, yote yakiwa juu ya vijiti vyake.

"Wangapi?" Kudra aliuliza.

"Saba. Hapana, wanane."

"Mkamate mmoja. Umtokee kwa nyuma. Kidole gumba juu ya gamba, vidole vingine chini ya tumbo. Magando yake hayafiki nyuma."

Raheli alifungua mlango wa nyuma. Alimshika kaa kwa nyuma, akabana. Magando yalifunguka na kujifunga hewani. Hayakumfikia. Alimtia kwenye ndoo yenye mfuniko, na hofu yake ikapungua. Alimshika wa pili, wa tatu.

Wa nne alikuwa jike. Chini ya tumbo lake palikuwa pametuna. Raheli alimgeuza. Chini ya mkunjo wa tumbo walijaa kaa wadogo sana, wadogo kama punje za ulezi, na kila mmoja na miguu yake yote. Walishikilia mama yao.

Witness alipumua mgongoni mwa Raheli.

"Dada Kudra. Huyu?"

Kudra alitazama. "Huyu hakuja kukukosea. Amekuja kukaa mahali penye unyevu. Mpeleke mtoni kule chini, mbali na majaruba. Kaa wa mtoni muwaache. Wanakula mizoga, wanasafisha maji. Sisi tunatoa wale wa tuta tu."

Raheli alimpeleka mwenyewe. Alimweka kwenye maji, chini ya jiwe. Jike alisimama kidogo, macho yakiwa yamenyooka, kisha akaingia gizani.

Mgono wa pili ulikuwa na kaa watano. Jumla kumi na watatu.

"Tunawafanyia nini?" Raheli aliuliza.

"Mimi dini yangu haijaniruhusu kuwala, usiniulize utamu. Anayekula awachemshe mpaka waive kabisa. Kaa mbichi, au aliyeiva nusu, ana minyoo inayoingia mapafuni. Au chemsha, anika, twanga, uchanganye na pumba, uwape kuku. Mayai yatakuja yenye maganda magumu."

Siku hiyo waliziba mashimo. Naftali hakuziba mdomo tu. Kudra alimkataza. "Ukiziba mdomo, umefunga mlango na dirisha liko wazi." Walifuata kila shimo kwa jembe mpaka mwisho wake, kisha wakajaza udongo wa kichuguu uliolowanishwa. Walijaza kidogo, wakakanyaga. Wakajaza tena, wakakanyaga. Upande wa korongo walifyeka matete yote, ili tuta lionekane. Jioni Kudra alipanda baiskeli yake akarudi ziwani. Migono aliwaachia.

"Nitaidai nikija," alisema. "Au bibi anisukie mingine. Mikono yake naiona inatafuta kazi."

Jumapili alfajiri, kabla ya kwenda kanisani, walipata kaa sita. Raheli alisimamisha fimbo. Maji yalikuwa alama ya pili.

"Bado," Naftali alisema. Alitafuta tuta zima, akapata shimo moja lililofichwa na mzizi. Aliliziba huku akiwa na suruali ya kanisani.

*

Jumatatu asubuhi Raheli aliamka akiwa wa kwanza. Deo angekuja saa moja. Alishuka mbio, akasimamisha fimbo. Maji yalitikisika. Alisubiri yatulie.

Alama ya tatu. Upungufu ulikuwa upana wa kidole kimoja tu.

Alipogeuka, Naftali alikuwa nyuma yake. Aliitazama fimbo, akaitazama tena. Kisha akaketi kwenye tuta la baba yake na kufunika uso kwa viganja.

Deo alipofika alimkuta akinoa jembe. "Twende, Naftali. Kamba ninazo."

"Siji, ndugu yangu. Mpunga umekunywa."

"Na ule mzimu unaosemwa kijijini, unaokunywa maji yenu, je?"

"Tumemtia kwenye ndoo," alisema Naftali. "Wapo kumi na wanane. Ukitaka, nikufungie wawili."

Deo alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini alipowasha pikipiki hakuondoka mara moja. "Umefanya vizuri," alisema kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Aliyebaki bila raha alikuwa Bibi Emiliana. Jioni ile alikwenda peke yake kwenye tuta. Raheli alimfuata. Mfereji ulifungwa. Bonde likatulia. Walisikiliza.

Hapakuwa na kitu.

"Simsikii tena," Bibi alisema. "Najua ilikuwa maji na hewa, mwanangu. Kudra amenieleza, nimeelewa. Lakini nilikuwa nakuja hapa kila jioni, namsikia anakunywa. Miaka yote hii niliogopa kwamba yale maji tuliyomwaga hayakumfikia."

Raheli alimshika mkono, wakapanda nyumbani.

Kesho yake alimwambia Naftali maneno ya Bibi. Naftali alichota maji safi kwenye jaruba la juu, akajaza kibuyu. Yeye, mama yake na Raheli, mtoto akiwa mgongoni, walikwenda mpaka kwenye shimo alimofukiwa Isaka. Walisimama mbali na ukingo. Naftali alisogea peke yake, akalala kifudifudi, akanyoosha mkono, akamimina maji kwenye ufa wa mwamba.

Maji yalipotea. Kwa muda kulikuwa kimya. Kisha, kutoka chini sana, sauti ikapanda.

*Gubu. Gubu. Gubu.*

Hakuna aliyesogea. Wote watatu walijua ni maji yanayovuta hewa kwenye njia nyembamba. Walisikiliza mpaka tone la mwisho.

"Amekunywa," alisema Bibi Emiliana.

"Twende nyumbani, mama," alisema Naftali.

*

Mwezi Juni walivuna. Masuke ya jaruba la juu yaliinama kwa uzito. Kuku walikuwa wakitaga. Majirani wanne waliokuwa wakilalamikia maji walikuja kutazama migono, na Raheli, ambaye zamani aliona haya hata kuomba chumvi, aliwaonyesha jinsi ya kufunga chambo katikati na jinsi ya kumshika kaa kwa nyuma. Chupa ya dawa ya pamba ilibaki juu stoo.

Bibi Emiliana ndiye aliyesuka migono ya bonde lote. Kila msimu mpya wa maji, kaa wachache walirudi, na kila jioni alikuwa yeye wa kushuka kutega. Alifunga kichwa cha kambale kwenye wavu, akalaza mgono, akakaza kamba kwenye kigingi. Kisha alisimama kidogo, akasikiliza tuta.

"Lala, Isaka," alisema. "Maji yapo."